Anayetwikwa Haoni Uso

Kutua najua mwenyewe.
Unarudi kinyumenyume hadi kwenye jiwe,
unakunja magoti, mzigo unakaa,
ukanda unateleza kutoka kwenye paji la uso
na shingo inakumbuka kwamba ni shingo.
Kujitwika ndiko kunakonishinda.
Kilo sitini za muhogo
hazipandi mgongoni kwa maombi.

Kwa hiyo naketi kwenye kona, ukishapita Mudaka,
karibu na visiki vya mikaratusi,
nikingoja mtu yeyote mwenye mikono.
Pikipiki zinanirushia tope.
Sizilaumu. Kila moja ina watu watatu na mbuzi.

Halafu anakuja mtu.
Hatuulizani majina. Nasema tu, "Nitwike,"
naye anajua pa kushika,
mkono mmoja chini ya gunia, mwingine kwenye kamba,
anahesabu moja, mbili,
nami nasimama, Bukavu yote imenirudia mgongoni.
Lakini kichwa kimeshainama,
ukanda hauniruhusu kukigeuza.
Nasema aksanti kwa vidole vya miguu.

Ndiyo maana mkiniuliza ni nani walionisaidia
miaka kumi na tisa ya barabara hii
nitawaambia:
buti la mpira la kijani, lililoshonwa kwa waya;
kandambili mbili zisizofanana, moja ya mtoto;
soksi nyeupe za mwanafunzi
(kengele ya shule ililia, naye bado anakaza kamba);
na viatu vyeusi vya ngozi, vimeng'arishwa,
vya mtu wa kwenda ofisini au arusini,
vilivyoingia topeni hadi kwenye kifundo
bila kusita.
Uso wa huyo ningependa kuuona.

Nyumbani, saa kumi za alfajiri, alikuwa Nsimire.
Miguu mipana, ukucha mmoja umekufa.
Alitoka kwake na kaa la moto juu ya kigae,
akaliweka jikoni kwangu watoto wapate moto wa uji,
akanitwika, akarudi kulala.
Sikumlipa kitu
ila kipande cha sabuni, mara moja,
na fungu la sambaza kila Noeli.

Tulimzika Jumanne.
Alhamisi nilifunga gunia kama kawaida,
muhogo haujui matanga.
Nikaketi, nikapitisha ukanda,
nikasema "Nitwike"
kabla sijakumbuka.

Giza. Jogoo wa mtu.
Nikafikiri, nitapunguza nusu. Nitamwamsha mtoto.
Ndipo nikasikia lango la mianzi la Cibalonza,
ambalo halikufunguka upande wangu
tangu mbuzi wake alipokula maharage yangu
nami nikasema niliyoyasema kuhusu mama yake.
Miguu ikaja. Myembamba, mitupu, imelowa umande.
Haikusalimu.
Akashika pale pale panaposhikwa,
akahesabu kimoyomoyo, maana niliinuliwa kabla sijawa tayari,
akanisukuma kidogo mgongoni
kama mtu anayefunga mlango,
akaenda zake.

Kaa la moto lilikuwa jikoni.
Sijui aliliweka saa ngapi.

Hatujapatana.
Mpaka ni ule ule, mbuzi ni yule yule.
Mchana tukikutana kwenye chemchemi
anatazama bidoni lake hadi lijae.
Lakini saa kumi miguu inakuja.

Jana nikirudi kutoka mjini bila mzigo
nilimkuta msichana ameketi kwenye jiwe langu,
gunia la makala nyuma yake, ukanda tayari kichwani.
"Mama, nitwike."
Nikamtwika. Alikuwa mwepesi kuliko gunia.
Akasema aksanti, akisemea chini,
akapiga hatua zile fupi, akapotea konani.

Nikajitazama miguu.
Ufa kwenye kisigino, tope la soko la Kadutu,
kandambili imefungwa kwa uzi mwekundu.
Nikatamani ningaliiosha.